Karakana ya kushona chini, familia juu: nianze na mitungi ya kuzimia moto au king'ora?

SindanoNaUzi

Wakuu, habari. Nina karakana ya kushona, na familia tunaishi juu yake. Ngazi ni moja tu, inaanzia katikati ya karakana na haina mlango. Chini kuna vyerehani vya umeme, pasi za mvuke, majora ya vitambaa yaliyopangana hadi karibu na dari, na magunia ya sponji kwa sababu navalisha makochi pia. Juu ni vyumba vya kulala, sebule na jiko. Madirisha yote ya juu yana nondo kwa ajili ya wezi.

Kuna muuzaji amenipigia hesabu ya mitungi minne ya poda, kilo 9 kila mmoja, akaniambia nikishaitundika nimemaliza. Nikamwambia binti wa pasi ajaribu kunyanyua mmoja, akaishia kuuburuza. Mume wangu naye hataki kabisa king'ora cha moshi, anasema kitalia kila nikibandika kikaango.

Hela ipo, ila si ya kufanya yote kwa mpigo. Nianze na nini?

KobeMzee

Chukua hiyo poda dada. Inazima vitambaa, mafuta, gesi, umeme, vyote. Ving'ora waachie wenye mahoteli.

FundiMitungi

Mzee Kobe, mimi ndiyo kazi yangu kujaza na kukagua hiyo mitungi, kwa hiyo ningependa auziwe hata kumi. Lakini hapana.

Dada, usinunue chochote kabla hujaitazama hiyo ngazi. Moto ukianza chini usiku, moshi hautangoja. Utapanda hapo wazi na kuingia vyumbani mkiwa mmelala. Pua haimwamshi mtu usingizini, na monoksidi ya kaboni haina harufu hata kwa aliye macho. Sponji ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ile ya makochi ikiungua hutoa na sianidi. Sasa niambie, mtungi uliotundikwa ukutani utamwamsha nani?

Kwa hiyo cha kwanza ni vitambuzi vya moshi vinavyoungana, yaani cha karakana kikinusa moshi, cha juu nacho kinapiga kelele. Weka kimoja karakana, kimoja kwenye korido ya juu, na kimoja kila chumba cha kulala ukiweza. Chagua vinavyotumia mwanga ndani yake. Vile vya mionzi huwahi kuuona moto wenye miali, lakini vitambaa na sponji hufukuta muda mrefu kabla ya kuwaka, na hapo vya mwanga ndivyo huwahi. Mume wako ana hoja kuhusu jikoni: pale usiweke cha moshi, weka cha joto. Hakijali mvuke wala kikaango, kinangoja joto lifike karibu nyuzi 58 au lipande ghafla.

Halafu msivisahau. Nimeingia majengo nikakuta vitambuzi bado vimevaa kile kifuniko cha plastiki cha kuzuia vumbi wakati wa ujenzi, vingine vimepakwa rangi pamoja na dari. Taa inawaka vizuri, kila mtu ameridhika, na moshi hauna pa kuingilia. Bonyeza kitufe cha majaribio kila mwezi, na kikifika miaka 10 kitoe uweke kipya, hata kama bado kinalia.

Cha pili ni mlango chini ya ngazi, unaojifunga wenyewe, usiotiwa kabari wala kigoda cha kuuzuia. Mbao nzito iliyokaa vizuri kwenye fremu inawanunulia dakika, na dakika ndizo mnazozihitaji.

Cha tatu, nondo. Angalau dirisha moja la juu lifungue nondo zake kutokea ndani, bila kutafuta ufunguo. Najua habari ya wezi. Lakini watu wa kazi yako wana historia yao. Mwaka 1911, New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kilishika moto, na inaaminika ulianzia kwenye pipa la mabaki ya vitambaa chini ya meza ya mkataji. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana washonaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndoo za maji zilikuwepo.

Na wewe mabaki yako unayaweka wapi jioni?

SindanoNaUzi

Kwenye gunia chini ya meza ya kukatia. Nimesoma hapo nikanyanyuka kwenda kulitoa.

Sasa mitungi nisinunue kabisa? Na muuzaji alinitisha kuhusu vile vinyunyizi vya darini, kwamba kimoja kikifyatuka vyote vinamwaga na majora yote yanaloa.

FundiMitungi

Nunua, ila si hiyo.

Poda inaua miali haraka, sikatai. Tatizo lake ni kwamba haipozi. Jora likishashika ndani, unapiga poda, moto unatulia, unageuka kupiga simu, nyuma yako unawaka tena. Tena poda ikitoka chumba kinajaa vumbi, mlango huuoni. Na inayobaki inakula vyuma na saketi, kwa hiyo vyerehani ambavyo havikuguswa na moto vinakufa kwa dawa. Kwenye ghala la rangi au karakana ya magari ningekuwekea poda bila kufikiri mara mbili. Kwako, hapana.

Vitambaa vinataka maji au povu, kitu cha kupenya na kupoza. Chukua mtungi wa lita 6, ambao binti wa pasi anaweza kuubeba. (Ile ya poda ya kilo 9, ukijumlisha na chuma, inafika 13 hivi. Ndiyo maana aliuburuza.) Kando ya swichi kuu weka wa kaboni dioksidi wa kilo 2, huo ndio wa vitu vya umeme. Usiushike kwenye ile honi nyeusi wakati unatoka, baridi yake inachuna ngozi, na usikae nao kwenye kachumba kadogo, kwa sababu gesi inayoufukuzia moto hewa inakufukuzia na wewe hewa. Jikoni, blanketi la moto na mfuniko wa sufuria. Mafuta yakiwaka zima jiko, funika, usiinue kuchungulia. Maji hata kikombe usimwage: yakigeuka mvuke yanavimba mara 1,700 hivi, na yanarusha mafuta yanayowaka chumba kizima.

Mitungi ikae karibu na mlango wa kutokea, ili anayeufuata awe anaelekea nje, si kwenye kona nyuma ya majora. Kila mwezi mtu aangalie pini, lakiri, mshale wa presha kama uko kwenye kijani, na mdomo wa mpira. Usicheke, nimewahi kufungua mpira nikautoa udongo mkavu kama kizibo, nyigu walikuwa wamejenga humo. Mshale ulikuwa kwenye kijani kabisa.

Na mjue kikomo chake. Mtungi wa mkono unaisha ndani ya dakika moja hivi, mwingi hata kabla ya nusu dakika. Moto ukishafika darini acheni, tokeni, fungeni mlango, piga simu mkiwa nje.

Vinyunyizi: huyo bwana ameangalia sinema sana. Kila kichwa kina kichupa chake cha kioo chenye kimiminika. Chekundu hupasuka kwenye nyuzi 68, cha njano 79, cha kijani 93. Kinapasuka kile kilichopashwa moto tu, vingine vinabaki kimya. Mara nyingi kimoja au viwili vinatosha. Ni mfumo mzuri kuliko yote niliyoitaja, ila unadai maji ya uhakika yenye presha na mtu wa kuukagua, kwa hiyo uache kwa awamu ya pili.

Nilisahau pasi. Zote ziwe kwenye saketi moja, swichi yake iwe mlangoni na taa nyekundu. Wa mwisho kutoka akiona nyekundu anajua.

Betri_Baba

Nauliza pembeni: dada, hamchaji chochote chini ya hiyo ngazi?

SindanoNaUzi

Mh. Baiskeli ya umeme ya kijana wangu. Usiku kucha.

FundiMitungi

Asante Betri_Baba, hilo lilinipita. Itoke leo. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani inajipasha yenyewe, inatema gesi na kuwaka kwa sekunde, na hapo ilipo inaifunga njia yenu pekee. Kaboni dioksidi itazima miali, lakini joto liko ndani ya seli, litaiwasha tena. Inataka maji mengi. Mchaji mchana, mahali wazi, kwa chaja yake halisi, mkiwa macho.

KobeMzee

Haya, mimi nimerudi na mtungi wangu wa kaboni dioksidi wa dukani. Hauna mshale wowote wa presha. Nimeibiwa?

FundiMitungi

Hujaibiwa mzee, hiyo haiwekwi mshale. Gesi iliyo ndani iko kimiminika, na presha inabaki ileile hata ukiwa umebaki nusu. Huo unapimwa kwa mizani. Tazama begani mwa mtungi, uzito mtupu umegongwa kwenye chuma. Pima, toa huo uzito, linganisha na kilo zilizoandikwa kwenye lebo. Ukipungua zaidi ya asilimia 10, upeleke ukajazwe.

KobeMzee

Mtungi wenyewe umegongwa namba kama sita. Ipi?

FundiMitungi

Piga picha, nitumie.