Tandu kamng'ata mwanangu mguuni, nifanyeje?

MamaSuu_Wete: Asalaam aleikum jamani, huku Wete masika hayakati, sasa hivi mwanangu wa miaka 9 kavaa kiatu hakukikung'uta kumbe mna tandu ndani, kamng'ata karibu na kidole gumba, pana vitundu viwili na pamevimba pekundu, analia mpaka basi. Bibi yake anataka kupaka mafuta ya taa, jirani ananambia nimfunge kamba sumu isipande. Nishike lipi? Na mdogo wake jana alichezea jongoo, vidole vimekuwa rangi ya kahawia haitoki.

nesi_mstaafu: Waaleikum salaam, pole mama. Kamba usifunge, usichanje, na mafuta ya taa mwambie bibi kwa adabu ayarudishe kwenye jiko, yatamuunguza ngozi tu. Osha kwa sabuni na maji mengi halafu mguu uingie kwenye beseni la maji ya moto anayostahamili, yajaribu wewe mwanzo kwa mkono wako asije akababuka, dakika 20 mpaka 30. Mpe parasetamo kwa uzito wake, aspirini mtoto hapewi. Akihema kwa shida, akivimba uso au midomo, akizimia, hapo usingoje kupambazuke, hospitali. Na kaangalie kadi yake kama kamaliza chanjo ya pepopunda.

Yakhe_Karafuu: Jongoo hang'ati yakhe, yule akibanwa hutoa maji ubavuni ndo hayo yaliyompaka rangi, itaondoka yenyewe taratibu, pengine ikachukua wiki kadhaa hata miezi, muoshe tu. Ila asijifikiche macho! Yakiingia jichoni suuza kwa maji safi yanayotiririka robo saa nzima kisha kwa daktari wa macho. Tandu ndo mwenye sumu, na hata hakung'ati kwa mdomo, ni miguu yake ya mbele kabisa imegeuka meno. Makumbi mlorundika ukutani hapo yatoeni, ndo kwao, na wekeni kuku wawili watatu uwani muone.

binti_ngambo: Maji ya moto si yanazidisha uvimbe? Mie nlipewa barafu.

nesi_mstaafu: Barafu nayo sawa, ifunge kwenye kitambaa, kila mtu na inayomtuliza. Moto hupunguza maumivu lakini ukiona uvimbe unazidi hamia kwenye barafu. Kesho kutwa pakiwa bado pamoto, panauma zaidi au panatoa usaha, apelekwe kituoni, hapo vijidudu vishaingia.

MamaSuu_Wete: Kashatia mguu, kilio kimepungua. Bibi kanuna.