Caravan sasa, au kungoja ATR 72?

Wakubwa, nina leseni ya urubani wa biashara, na kampuni moja hapa Lubumbashi inanipa nafasi ya kurusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, mara moja, ama ningoje mafunzo ya ATR 72, ndege kubwa zaidi ya marubani wawili. Nichague ipi?

— Ndugu, uliza kwanza utaketi kiti gani, cha kapteni au cha msaidizi. Caravan imeidhinishwa kuendeshwa na rubani mmoja, hivyo kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, saa za kuruka za rubani msaidizi huhesabiwa zisizozidi nusu kuelekea leseni ya juu, inayodai saa 1,500, ilhali kwenye ATR huhesabiwa zote.

— Ukapteni ukiwa karibu, mimi ningechukua Caravan. Viwanja vifupi vya udongo hunoa mikono. Mkataba wa ATR usome vizuri, kwani wanaoondoka mapema huweza kudaiwa gharama za mafunzo.

— Nimeuliza: ni kiti cha kulia, cha msaidizi.

— Basi ngoja ATR.