Visiwa vya Faroe mwisho wa Septemba, mvua tupu: twende na gari au tuahirishe?

Msafiri_DK
Wakuu habari zenu. Mke wangu anakuja Denmark na viza ya matembezi, tumeshakata tiketi kutoka Copenhagen kwenda Vágar, penye uwanja wa ndege wa visiwa hivyo, mwisho wa mwezi huu, plani ni kukodi gari tuzunguke vijiji vya kaskazini, Gjógv, Viðareiði, na ikiwezekana tuvuke na feri mpaka kisiwa cha Kalsoy. Sasa utabiri unaonyesha mvua mwanzo mwisho, na upepo juu yake. Yeye anasema tuahirishe, mimi roho bado inataka. Barabara zikoje kwenye mvua? Na yale mahandaki ya njia moja watu wanapishanaje humo ndani? Naomba aliyeendesha huko mwenyewe anijibu.

Gia_ya_Pili
Nendeni mkuu. Kule mvua inanyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka, ukisubiri ikatike utasubiri mpaka basi. Na mwambie shemeji mvua ndiyo inayoipendezesha ile nchi, milima haina miti ni majani matupu, ikinyesha kila mkunjo wa mlima unateremsha maji meupe, unaendesha huku na huku maporomoko, yakipigwa na upepo maji yanarudi juu badala ya kushuka. Mimi niliyaona Múlafossur pale Gásadalur, nilisimama nimeloa chapachapa na sikutaka kuondoka.

Barabara ni lami safi karibu kote, ila nyembamba ukishaacha zile kubwa. Spidi ni 80 nje ya vijiji na 50 ndani, taa zinawaka muda wote hata mchana. Kinachosumbua kuliko mvua ni ukungu na kondoo. Ile barabara ya Eiði kwenda Gjógv inapita pembeni ya Slættaratindur, mlima mrefu kuliko yote huko, mita 880, ukungu ukishuka huoni kona inayokuja, hapo mwende taratibu, waipa na subira. Kondoo wanalala barabarani kabisa, ukimgonga hata mmoja lazima uripoti polisi, ana mwenyewe.

Mahandaki ya njia moja: kuna sehemu za kupishana zimechimbwa upande mmoja tu, zina kibao cha herufi M. Zikiwa mkono wako wa kulia basi wewe ndiye unayepisha, ukiona taa kwa mbali ingia pale mapema na umsubiri, kwenye giza taa zinadanganya umbali. Mkono wa kushoto, unaendelea lakini macho mbele.

dada_wa_visiwani
Kaka kabla ya barabara angalia viza ya wifi. Faroe iko chini ya Denmark lakini haimo Schengen, ule ukanda wa nchi za Ulaya wenye viza moja, kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen haitoshi, lazima iwe imeandikwa kwamba inafaa na Faroe. Kama bado hajaomba aseme hukohuko kwenye maombi. Watu wengi hawalijui hili na linauma sana ukilijua uwanja wa ndege.

Pia milango ya gari! Upepo wa kule unaung'oa mlango. Paki pua ya gari ielekee upepo, shika mlango kwa mikono miwili ndo ufungue, na msifungue milango ya pande zote kwa mpigo. Soma mkataba wa gari kuhusu hilo kabla hujasaini.

Msafiri_DK
Dah dada asante, viza bado haijaombwa, umetuokoa. Na tozo za mahandaki zinalipwaje? Kalsoy je, kwenye mvua inafaa?

Gia_ya_Pili
Mahandaki ya chini ya bahari ndo yanalipiwa, hakuna geti, kamera inasoma namba na bili inapitia kwa waliokukodisha gari. Lile la kwenda kisiwa cha Eysturoy lililofunguliwa 2020 lina kipilefti chini ya bahari, pitieni hata kwa kuliona tu. La kwenda mji wa Klaksvík ni la 2006, nalo la kulipia.

Kalsoy usiipangie siku. Feri inayotoka Klaksvík ni ndogo, inabeba magari machache, na bahari ikichafuka haiendi. Lala Klaksvík, asubuhi tazama kamera za barabarani za Landsverk, mamlaka ya barabara ya huko, na hali ya feri, kukiwa shwari wahini foleni, kukiwa kubaya geuzeni mwende Viðareiði ambako hakuna feri. Hali ya hewa kule inatofautiana kijiji na kijiji, unaacha mvua upande huu wa handaki unatokea upande wa pili kuna jua.

dada_wa_visiwani
Naongezea, ile njia ya miguu ya kwenda mnara wa taa wa Kallur kutoka kijiji cha Trøllanes, hukohuko Kalsoy, msiende kukiwa na mvua na upepo, majani yanateleza na pembeni ni genge la kuangukia baharini. Bakini kijiji cha Mikladalur mtazame Kópakonan, sanamu ya yule mwanamke sili wa hadithi, pale kwenye miamba, inatosha kabisa. Mafuta jazeni Klaksvík, na chakula mbebe, vijiji vile ni nyumba chache tu na duka hamna.

Msafiri_DK
Nimemsomea yote, kakubali. Tunaanza na viza, gari nabuku leo.