Ushauri: Malmö hadi Copenhagen kwa baiskeli, mimi na mke wangu, siku moja

Msafiri wa Skåne
Wakuu, habari zenu. Tupo Malmö, Sweden, mimi na mke wangu, tunataka kwenda Copenhagen, Denmark, kwa baiskeli, tutoke asubuhi na kulala kule. Daraja la kuvuka mlango wa bahari wa Øresund baiskeli haziruhusiwi, kwa hiyo tunazunguka: Lomma, Bjärred, Landskrona mpaka Helsingborg, feri hadi Helsingør, halafu tunashuka na Strandvejen, barabara ya pwani, mpaka mjini. Jumla kama kilomita 115. Chumba Vesterbro, mtaa wa Copenhagen, nimeshalipia na pesa hairudi. Naomba kujua kitu kimoja tu: mizigo ya siku mbili niifungeje kwenye keria? Lazima tuwe tumefika kabla ya giza la saa moja jioni. Nina wasiwasi kidogo.

Fundi Spoku
Mkuu, mabegi mawili ya pembeni, uzito sawa kila upande. Vizito viende chini kabisa, karibu na ekseli. Kikiwa juu, baiskeli inayumba kila mkisimama kwenye taa. Sukuma begi nyuma mpaka kisigino kisiliguse pedali inapozunguka. Angalia ncha za kamba za mpira, zikining'inia zinaingia kwenye spoku na gurudumu linafunga ghafla. Sasa na wewe tujibu: shemeji ana baiskeli gani?

Mama Upepo
Mizigo si shida, shida ni upepo. Pwani ile upepo hupenda kutoka magharibi na kusini-magharibi. Mkipanda kaskazini kwenda Helsingborg unaweza kuwasukuma mgongoni mkajiona mna nguvu. Mkishavuka mnageuka kusini, na zile kilomita 45 za mwisho unawapiga usoni mkiwa mmechoka. Usipige hesabu ya siku nzima kwa mwendo wa asubuhi.

Babu Ramani
Msipite Rungsted bila kusimama. Ipo hapohapo barabarani, baada ya Humlebæk. Ni kwao mwandishi Karen Blixen, yule aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Ngong, Kenya, akaishi huko tangu 1914 hadi 1931. Nyumba sasa ni makumbusho, na kaburi lake lipo kwenye bustani chini ya mti mkubwa. Msomaji wa Kiswahili akipita pale bila kuingia, amepoteza kitu.

Fundi Spoku
Babu, asante, lakini mwenye uzi bado hajajibu. Baiskeli gani? Na shemeji ameshawahi kwenda umbali gani kwa siku moja?

Msafiri wa Skåne
Ni ya kawaida tu ya mjini, nzuri, tulinunua mwaka huu. Ana afya njema, anatembea sana.

Dada Kofia
Hujaulizwa kutembea, kaka.

Msafiri wa Skåne
Sawa. Ina gia tatu za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, na breki ya nyuma ni ya kurudisha pedali. Safari yake ndefu kabisa ni kilomita 25. Sijamwambia ni 115, nimemwambia tutapita pwani. Lakini chumba kimeshalipiwa, ni siku yetu ya ndoa, na njia yote ni tambarare. Naamini akianza atamaliza.

Dada Kofia
Hapo ndipo palipokuwa na uzi wako, ukatuletea habari za keria! Mwambie leo, umbali kamili. Mtu akijua anapoelekea hupanga nguvu zake, asiyejua huishia kukaa ukingoni Landskrona akilia, na feri bado iko mbali. Na si tambarare yote, baada ya Landskrona kuna vilima vya Glumslöv.

Shahidi wa Tatu
Wakuu, hapa tunapigwa kamba. Giza la saa moja? Kiangazi kule jua linazama karibu saa nne usiku. Halafu mtu wa Malmö, mwenye treni inayovuka daraja, azunguke kilomita 115? Hii imetungwa.

Kijana wa Lund
Hata mimi nimeanza kushtuka. Weka picha ya baiskeli.

Msafiri wa Skåne
Kiangazi umekileta wewe. Tunaondoka Jumamosi ya mwisho ya Septemba. Picha siweki, lakini nimetoka kupiga magoti uani na taa ya simu. Gia ya mbele ina meno 38, ya nyuma 19. Kwenye habu pameandikwa Nexus. Kushoto kuna mkono wa chuma wa breki umeshikwa kwenye fremu na kibano cha bati, skrubu yake imeshika kutu.

Fundi Spoku
Huo mkono mtu hautungi. Na Septemba inaisha ni kweli, mchana na usiku karibu sawa, jua linazama kwenye saa moja. Basi twende na hesabu.

38 kwa 19 na gurudumu la inchi 28: gia ya kati inakupa kama mita 4.3 kila mzunguko wa pedali, gia nyepesi kama 3.2. Gia nyepesi kwa mizunguko 60 kwa dakika ni kilomita 11 na kidogo kwa saa. Hiyo ndiyo atakayotumia upepo ukiwa usoni. Kilomita 115 kwa wastani wa 14 kwa saa ni zaidi ya saa nane za kukanyaga tu, bado kula, bado kusubiri feri. Mkichelewa kidogo, hamfiki na mwanga.

Badilisha gia ya nyuma uweke ya meno 22. Nyepesi inashuka hadi mita 2.7, magoti yatashukuru. Mnyororo unaweza kuwa mfupi baada ya hapo, kwa hiyo upime kabla ya kukaza. Gurudumu ukilirudisha, LAZIMA ule mkono ufungwe tena kwenye fremu. Ukiuacha huru, akirudisha pedali mkono wenyewe unazunguka badala ya gurudumu kusimama, na unaharibu habu. Skrubu yenye kutu tia mafuta leo, nunua mpya na nati yake.

Mama Upepo
Na mwenye uzi, pandeni treni na baiskeli zenu Malmö hadi Helsingborg asubuhi. Kateni tiketi ya baiskeli na mfike mapema, nafasi zikijaa mnasubiri inayofuata. Feri ni dakika kama 20. Mnabaki na Strandvejen peke yake, kilomita 45, bahari mkono wa kushoto. Akichoka Klampenborg, ile treni ya mjini inaanzia hapo na baiskeli hailipiwi.

Msafiri wa Skåne
Lakini nilitaka tuseme tumezunguka Øresund nzima.

Dada Kofia
Mtasema mwakani. Mkifika mjini, kugeuka kushoto ni kwa hatua mbili: vuka moja kwa moja mpaka kona ya pili, simama, geuza baiskeli, subiri taa yako. Ukitaka kusimama inua mkono, wa nyuma wako wapo karibu sana. Taa mbele na nyuma ziwe zimechajiwa hata kama mnategemea kufika mchana.

Msafiri wa Skåne
Nimemwambia. Amenyamaza kidogo, akauliza treni ya saa ngapi. Kilomita 45 amekubali, ila siti yake ya springi haiguswi.

Fundi Spoku
Isiguswe, anakaa wima, inamfaa. Pandisha tu mpaka kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke. Tairi ya nyuma jaza upepo bar 4, maana ikilegea na mizigo inapata matundu mawili sambamba kwenye ukingo wa barabara. Na spana ya 15, ya nati za gurudumu, ikae mfukoni mwako, usiizike chini ya begi.