Langoni si uwanja wa maghorofa, tushabanana vya kutosha

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Amu, yaani Lamu, mlioko nyumbani na mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo. Naandika nikiwa nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mpango mpya wa ardhi ya mtaa wetu wa Langoni, na hasira niliyonayo siwezi kulala nayo.

Tuliitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, wanaume wako baharini na wanawake wako jikoni. Tulifika watu kumi na saba, nilihesabu. Ukutani wamebandika ramani, mtaa wetu wote umepakwa rangi ya chungwa. Nikauliza rangi hiyo maana yake nini. Nikajibiwa kwamba matumizi ya ardhi yatabadilishwa, mwenye kiwanja ataruhusiwa kupanda hadi ghorofa tano ili watu wengi zaidi wapate makazi. Nikauliza mbona wenye mtaa hatukushauriwa. Eti leo ndiyo siku ya kushauriwa! Rangi ishakauka kwenye karatasi, halafu naitwa nitoe maoni?

Waliochora ramani ile hawajalala usiku mmoja Langoni. Kichochoro cha kwetu nikinyoosha mikono yote miwili nagusa kuta za pande zote. Punda wawili waliobeba mchanga hawapishani, mmoja lazima arudi nyuma. Ikitokea moto, gari la zima moto halipiti, tunakimbilia ndoo. Hapo ndipo mnataka kuweka watu mara tatu ya waliopo?

Na msiniambie naogopa kitu nisichokijua. Nyuma ya nyumba yetu jengo moja lilipandishwa ghorofa nne miaka mitatu iliyopita. Nyumba ya marehemu babu yetu ina kiwanda katikati, yaani uwanja wa ndani usio na paa. Hapo ndipo mama alipokuwa akipepeta mchele wake asubuhi, hapo tunaanika nguo, hapo wasichana wanakaa bila mtandio kwa sababu ni ndani kwao. Wazee walijenga kwa hesabu. Ukitoka dakani, kibaraza cha mlangoni, unakata kona kwanza ndipo uingie, ili anayepita njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Dirisha la mtu halikutazama kwa jirani. Leo madirisha sita yanatuangalia juu ya vichwa vyetu. Mama ana miaka zaidi ya sabini, amehamisha mkeka wake ukumbini na mlango anaurudisha. Jua linaingia kiwandani saa sita, kabla ya saa nane limeondoka. Nguo zinanuka unyevu.

Ukuta nao umepasuka. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Chokaa inapumua, unyevu na chumvi vinatoka. Lile jengo limepigwa saruji limegandana na ukuta wetu, sasa chumvi imefungiwa ndani na plasta inamenyuka kwa vipande. Ufa ulianza kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, mwaka huu sarafu ya shilingi kumi inaingia yote. Nilikwenda kulalamika ofisini mara nne. Kila mara naambiwa mhusika hayupo.

Halafu maji. Maji matamu ya kisiwa hiki yanaelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda. Maji ya mji yanategemea visima vya Shela, chini ya yale matuta ya mchanga, na matuta hayaongezeki kwa sababu mtu amepandisha ghorofa. Mabomba ya maji taka hatuna. Kila nyumba na shimo lake, na kisima kiko hatua chache tu. Vyoo ishirini juu ya kiwanja kimoja, uchafu utakwenda wapi? Mkutanoni swali hili liliandikwa kwenye daftari, jibu sikulisikia.

Najua vijana wanataka nyumba. Mwanangu mwenyewe ana mke na mtoto na amepanga chumba kimoja, basi sisemi haya kwa kushiba. Lakini lile jengo la nyuma hakuna kijana wa Amu hata mmoja anayekaa ndani yake. Vyumba vinakodishwa wageni kwa siku. Anayetaka kuwajengea vijana kwa kweli aanze na ardhi iliyo nje ya mji, aweke maji na mashimo ya taka kwanza, awape hati. Wala tusidanganywe kuwa mji mkongwe hautaguswa. UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, lakini vichochoro vya Langoni na vya Mkomani, mtaa wa mji mkongwe, vinaingiana, na maji ni hayo hayo.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka umma ujulishwe ujenzi unapoombewa kibali, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti. Kumi na nne tu! Tukikaa tunanung'unika barazani zitapita. Mwaka huo huo wa 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe hapa Lamu, na sababu moja kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda ile kesi ni watu wa hapa hapa, wavuvi na kina mama.

Tunataka mkutano mwingine, baada ya swala ya alasiri, mtaani kwetu, ramani ikiwa mezani na haijapakwa rangi. Mtu yeyote asianze kupandisha jengo kabla ya hapo. Mimi nakusanya majina na sahihi nyumba kwa nyumba kuanzia kesho, ukitaka kusaidia sema hapa chini mtaa wako. Na kama kuna aliyepata nakala ya ile ramani anitumie. Nilipotoa simu kuipiga picha nilizuiwa.