Oili ya IST: nimwage mwenyewe, niendelee na fundi wa mtaani au niende kwa wakala?

Mkazi wa Rangi Tatu
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa dhati. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, ile ya cc 1500. Kila siku ni Mbagala Rangi Tatu kwenda Posta na kurudi, na foleni ya Barabara ya Kilwa mnaijua.

Oili nimekuwa namwagia kwa fundi jirani. Safari iliyopita nilisogea pembeni kupokea simu, kurudi nakuta keshamaliza na ananikabidhi filta chakavu, eti ndiyo iliyotoka. Nikainama kuchungulia. Filta iliyokuwa kwenye injini ilikuwa na tope kavu na mikwaruzo yake ile ile. Tukabishana, mwishowe akaifunga mpya niliyokuwa nimenunua kwa pesa yangu. Tangu hapo imani imeisha.

Nimeulizia sevisi ndogo kwa wakala wa Toyota, bei ni zaidi ya mara mbili ya ninayotumia mtaani. Shemeji ananiambia nijifunze kumwaga mwenyewe. Nyumbani nina kibaraza cha zege pa kuegesha, jeki ya kwenye buti na boksi la spana. Mnanishauri nini? Na kama ni kufanya mwenyewe, naomba maelekezo, sijawahi kuingia chini ya gari.

Spana Kumi na Nne
Mkuu, IST ya 2004 haina waranti ya kulinda. Kwa wakala utalipia jengo na muda wa fundi wao, oili ni ile ile. Fanya mwenyewe, lakini kwa adabu.

Jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi, basi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja. Nunua stendi mbili za chuma za kushikilia gari, vuta hendibreki, weka kabari nyuma ya tairi za nyuma, shusha gari likae kwenye stendi, kisha lisukume kwa mkono uone kama limetulia. Hapo ndipo ulale chini.

Washa injini dakika chache oili ipate uvuguvugu, itatoka yote. Ikiwa ya moto kabisa itakuunguza, maana nati ikishaachia oili hurukia mkono kwanza. Nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inafunguka kwa spana namba 14. Na hapa tulia: gari lako kama ni otomatiki lina sampu mbili, ya injini na ya gia boksi, na kila moja ina nati yake. Chomoa kijiti cha oili uangalie rangi kabla hujaanza. Kama kijiti kina oili nyeusi halafu chini kunatoka kitu chekundu au chepesi chenye harufu tofauti, hiyo ni ATF, yaani oili ya gia boksi. Rudisha nati haraka. Kuna watu wamemwaga ATF, wakajaza oili ya injini mara mbili, wakaua gia boksi na sili za injini kwa siku moja.

Filta ukiitoa, hakikisha mpira wake wa zamani umetoka nayo. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini na ukafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili na oili itaruka yote barabarani. Paka mpira mpya oili safi kwa kidole, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kukazia filta.

Nati ya sampu ivishe washa mpya, ile ringi ndogo ya kuzuia kuvuja, na uanze kuizungusha kwa vidole. Ikikataa kuingia kwa vidole, imekaa upande, itoe uanze upya. Spana ni ya kukazia mwisho tu.

Injini hiyo inachukua takriban lita 3.7 ukibadilisha na filta. Weka tatu na nusu kwanza, washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Zima, subiri dakika tano, pima, ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Chungulia chini kama kunavuja.

Bi Mkubwa wa Tabata
Mdogo wangu, mimi siingii chini ya gari na sina mpango huo, na bado hakuna fundi anayenichezea. Nanunua oili na filta mwenyewe, nafika gereji asubuhi kabla hawajazidiwa, nasimama hapo hapo mpaka mwisho. Simu naizima. Filta mpya naichora alama kwa maka pen kabla sijamkabidhi fundi, akimaliza nachungulia kama alama yangu iko pale. Fundi mzuri hachukii hilo.

Tatizo kubwa kwangu ni oili feki kuliko fundi. Nunua duka moja linalokupa risiti, angalia sili ya kifuniko na namba za toleo kwenye dumu, zikiwa zimekwaruzwa rudisha. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, achana nayo. Na jambo ambalo wengi hawalifanyi: dumu likiisha, litoboe kwa kisu chini na pembeni. Madumu matupu mazima ndiyo yanayonunuliwa na wanaochakachua. Ukiliacha gereji zima, unawapa mtaji.

Kaka wa Dabokebini
Nitamtetea wakala kidogo. Pikapu yangu bado iko kwenye waranti, kwa hiyo siguswi na mjadala huu, kila sevisi ni kwao na kitabu kinagongwa muhuri. Siku injini ikinisumbua sitaki mtu aniulize nilimwagia wapi. Na wanapopandisha gari juu wanakagua bushi, bol-jointi, breki padi, mipira ya drayvu shafti. Anayemwaga nyumbani mara nyingi anaona nati na filta tu. Kwa IST ya miaka ishirini na zaidi lakini, nakubali, usipoteze pesa huko.

Mwana wa Nairobi
Huku kwetu ni hivyo hivyo. Oili na filta nazinunua Kirinyaga Road, kisha makanika anakuja nyumbani, anafanyia mbele ya mlango wangu. Namlipa kazi ya mikono peke yake. Pengine hiyo ndiyo njia ya kati kwako, ndugu: mara ya kwanza mwite fundi mwingine akufanyie hapo nyumbani nawe umeshika tochi, ya pili ushike spana wewe.

Tingo Mstaafu
Gari la zamani hilo, weka oili nzito ya 20W-50, injini itatulia na haitakula oili. 5W-30 ni maji, ni ya nchi za baridi.

Spana Kumi na Nne
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo naomba tutofautiane. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayohusu ubaridi. Ile ya pili inaonyesha uzito oili ikishapata moto, na injini ikishachemka, iwe Dar au Tokyo, joto lake halipishani sana. 1NZ ina VVT-i, mfumo unaosogeza kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) kwa msukumo wa oili kupitia valvu yenye chujio dogo sana, na cheni ya taimingi inakazwa kwa msukumo huo huo. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi, ndiyo maana unasikia injini inagongagonga ikiwashwa. 5W-30 inatosha kabisa kwa gari hili. Ikiwa kweli inakula oili, apime kijiti kila wiki ajue inakula kiasi gani, kabla ya kuficha ugonjwa kwa oili nzito.

Na usisubiri kilomita 10,000, mleta mada. Toyota wenyewe kule Japani huandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini kwa matumizi magumu wanazikata nusu: 7,500 au miezi 6. Foleni ya Mbagala ni matumizi magumu. Injini inanguruma saa nzima na kilomita hazisogei. Mimi ningemwaga kila 5,000.

Mbongo Ohio
Nachangia kutoka Marekani. Huku kuna sheria ya Magnuson-Moss ya 1975, kampuni ya gari haiwezi kukufutia waranti kwa sababu tu umemwaga oili mwenyewe au umeenda gereji nyingine. Unachotakiwa ni kutunza risiti na kuandika tarehe na kilomita. Kaka wa Dabokebini, huko nyumbani soma masharti ya kitabu chako, usichukulie ya huku. Ila tabia ya kuandika ichukueni wote. Daftari lenye tarehe, kilomita, aina ya oili na risiti zilizobanwa humsaidia hata mnunuzi wa baadaye.

Mkazi wa Rangi Tatu
Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Nimeamua: nitamwita fundi mwingine nyumbani safari hii nijifunze, kisha niendelee mwenyewe. Swali lililobaki, oili chafu naipeleka wapi? Na stendi nzuri zinapatikana wapi?

Bi Mkubwa wa Tabata
Usimwage mtaroni wala kwenye mchanga wa uani, mdogo wangu, tunachimba visima mjini hapa. Irudishe kwenye dumu la maji lenye kifuniko. Mafundi wa kenchi huitafuta wapake mbao dhidi ya mchwa, au gereji kubwa yenye pipa la kukusanyia itaipokea. Vaa glavu, oili iliyotumika si nzuri kwa ngozi.

Spana Kumi na Nne
Stendi pita Gerezani, chagua za tani 2 au 3 zenye pini ya usalama, uzinyanyue na kuzishusha pale pale dukani uone meno yanashika. Filta ya Toyota uliza namba 90915-YZZE1. Na washa ya nati nunua mbili, moja ikipotea kwenye zege usirudishe ya zamani.