Acheni kuiita Kigoma "ngome" ya chama chochote kama hamjawahi kulinganisha matokeo jimbo kwa jimbo

Wakuu, imetosha sasa. Kila uchaguzi anaibuka mchambuzi, kiyoyozi kikimpuliza Dar, anatutangazia kwamba Kigoma ni ngome ya upinzani. Uchaguzi ukiisha, yuleyule anasema Kigoma imerudi nyumbani CCM. Haijatoka wala haijarudi. Hamjui kuisoma, basi.

2010 tulikuwa na majimbo manane. NCCR-Mageuzi ikazoa manne: Muhambwe, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Kigoma Kusini. Nchi nzima haikupata jimbo lingine. Chadema wakawa na Zitto Kabwe kule Kigoma Kaskazini. Matano kwa matatu, mkashangilia ngome. 2015 upinzani ukabaki na mawili tu: Kigoma Mjini (ACT-Wazalendo) na Buyungu (Chadema). NCCR ikatoka kapa mkoa mzima. Ngome gani inapukutika kwa miaka mitano?

Na hapa ndipo mnapopita mbio. 2015 Zitto alitoka Kaskazini akaja Mjini, tena na chama kipya. Peter Serukamba wa CCM akatoka Mjini akaenda Kaskazini. Wamebadilishana majimbo, na wote wawili wakashinda! Kama watu wangekuwa wanapigia nembo, mmoja wao angeangukia pua.

Wengine mnakimbilia kabila, eti Waha wanabebana. Wilaya za Kibondo na Kakonko wagombea wakubwa karibu wote ni Waha, sasa hilo kabila linamchagua nani dhidi ya nani? Buyungu, jimbo la Kakonko, walimpa Bilago wa Chadema 2015 wakamtema Chiza wa CCM. Bilago alipofariki, uchaguzi mdogo wa Agosti 2018 Chiza akatangazwa mshindi. Jimbo lile lile, kabila lile lile.

Mnataka kusoma kura za vijijini? Anzeni na karatasi tatu: rais, mbunge, diwani. Chukua fomu za matokeo 21A (rais), 21B (mbunge) na 21C (diwani) za kituo kimoja, ziweke sambamba. Chama kikiwa na kura 200 kwenye 21A na 130 kwenye 21B (natoa mfano tu), hapo kuna watu angalau 70 waliogawa kura zao, na hao ndio wanaoamua mbunge. Toa kwanza kura zilizoharibika, maana hazilingani kwenye karatasi zote tatu. Ninyi mnachukua jumla ya rais kwa mkoa mnaitungia hadithi. Jumla ya jimbo nayo inadanganya. Kigoma Kusini ina kata za ziwani kushuka hadi Kalya, halafu ina Nguruka iliyoko kwenye reli, jirani na Tabora. Mvuvi na mkulima wa tumbaku hawana ajenda moja.

Kuhusu ziwani, hakuna hata mmoja wenu anayeangalia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, wavuvi wanaacha mialo (kambi za uvuvi ufukweni) wanarudi makwao. Kura ya 2015 ilipigwa 25 Oktoba, mwezi ukawa mpevu tarehe 27. Ya 2020 ilipigwa 28 Oktoba, mwezi mpevu 31. Aliyejiandikisha mwaloni, siku hiyo yuko nyumbani Ujiji, na kituo chake kiko mbali kwa boti. Geuza upande wa pili: uboreshaji wa Daftari la Wapiga Kura ulizinduliwa hapahapa Kigoma 20 Julai 2024, mwezi mpevu ukiwa 21 Julai. Mvuvi aliyejiandikisha akiwa mapumziko nyumbani, kura ikiangukia giza yuko mwaloni. Halafu mnaandika "wananchi wamesusa"!

Wapinzani nao wasijifiche nyuma ya wachambuzi. Mialo ya mbali hampeleki wakala mpaka usiku wa mwisho, hana posho, hana simu yenye chaji. Saa kumi jioni kituo kinafungwa, kura zinahesabiwa palepale, na asiyekuwepo haondoki na nakala ya fomu. Kesho yake mnadai mmeibiwa, mkiulizwa 21B mnaangaliana. Huwezi kuwashinda kwa karatasi usiyo nayo.

Halafu mnashangaa kwa nini mtu wa Kasulu anampima mgombea na si chama. Kabourou wa Chadema aliyeitikisa CCM hapa miaka ya tisini aliishia CCM. Machali, mbunge wa Kasulu Mjini wa 2010, alitoka NCCR akaenda ACT, 2016 akaingia CCM. Kafulila, wa NCCR Kigoma Kusini 2010, alipita Chadema, naye akavaa kijani cha CCM. Mpiga kura wa hapa ameshauona mchezo.

2025 nitaifungulia uzi wake, msiilete humu. Anayebisha alete 21A na 21B za 2015 za kituo chochote cha Nguruka na kimoja cha Kalya, tuzipange hapa wote tuone. Asiye nazo asichangie.